Moto wa Juu na wa Chini: Kuchagua Vifaa vya Nyama Choma na Pizza ya Uani

Ukiingia duka la vyombo na kuuliza vifaa vya jiko la nje, mara nyingi utaonyeshwa kwanza mkoba uliojaa vipande vinavyong'aa: uma wa meno mawili, kisu, brashi, vishikio vidogo vya mahindi, kichupa cha chumvi. Urudishe rafuni. Kabla ya kutoa pesa, jiulize swali moja kwa kila kifaa: kinaufanyia nini moto? Kuna vifaa vinavyouhifadhi moto, vinavyouelekeza, vinavyoupima, na vinavyoukinga mkono wako. Hivyo ndivyo vya kununua. Vingine vinaweza kusubiri, na vingi kati ya hivyo hutavihitaji kamwe.

Nasisitiza moto kwa sababu pizza inadai kitu ambacho jiko la nyama choma halina. Jiko la nyama, liwe la nusu pipa au la matofali, hutoa joto kutoka chini tu. Kwa mbuzi hilo si tatizo: upande mmoja ukiiva, unageuza. Pizza haigeuzwi. Ukiitandaza juu ya wavu ulio wazi, kitako chake kitaungua huku jibini likiwa bado halijayeyuka na unga wa juu ukiwa mbichi. Wapishi wa Napoli, ambao ufundi wao uliingizwa mwaka 2017 katika orodha ya UNESCO ya urithi wa utamaduni usioshikika, huoka ndani ya tanuri la kuni lenye kuba fupi. Sakafu yake hufika nyuzi joto 380 hadi 430 za Selsiasi, kuba hufika karibu 485, na pizza hutoka baada ya sekunde 60 hadi 90. Zitazame vizuri nambari hizo: juu kuna moto kuliko chini. Joto kali kiasi hicho hulihitaji uani kwako, lakini uwiano huo unauhitaji.

Wala uwiano huo si mgeni kwetu. Mpishi wa Unguja, Tanga au Lamu anayeoka mkate wa kumimina huacha makaa machache chini ya sufuria, kisha hupalia mengi juu ya mfuniko. Wa mkate wa ufuta huubandika mkate kwenye chuma, kitako kikishika anakipindua chuma chenyewe ili uso wa mkate uyatazame makaa. Wote wawili wanafanya kazi ile ile inayofanywa na kuba la Napoli. Kwa hiyo kama umekulia penye jiko la kupalia, nusu ya elimu ya pizza unayo tayari, na vifaa vingi nitakavyovitaja vitakuwa namna ya kuifanya kazi hiyo kwa uhakika zaidi. (Pizza ya Zanzibar inayouzwa Forodhani ni chakula kingine: unga mwembamba uliokunjwa juu ya nyama ya kusaga na yai, ukakaangwa kwenye chuma bapa. Ni tamu, na haihitaji moto wa juu. Hapa nazungumzia pizza ya kuoka.)

Mfuniko kabla ya yote

Kama jiko lako halina mfuniko, pesa yako ya kwanza iende hapo. Mwaka 1952, George Stephen, aliyefanya kazi katika kiwanda cha Weber Brothers huko Chicago, alichoshwa na upepo uliokuwa ukivuruga moto wa jiko lake la wazi. Kiwandani walikuwa wakitengeneza maboya ya chuma. Alikata boya katikati, nusu ya chini ikawa jiko na nusu ya juu mfuniko, akatoboa tundu za hewa, na jiko hilo la mviringo ndilo linalouzwa hadi leo duniani kote. Alichokipata si kinga ya upepo peke yake. Mfuniko huzuia hewa ya moto isitoroke, huirudisha juu ya chakula, na kwa kufungua au kuziba tundu zake unaamua mkaa uwake kwa kasi gani.

Huna haja ya kuagiza jiko hilo kutoka ng'ambo. Pipa la lita 200 lina kipenyo cha sentimita 58 hivi na urefu wa karibu 88. Fundi wa Gerezani, Dar es Salaam, wa Kamukunji, Nairobi, au wa Katwe, Kampala, akilikata kwa urefu na kulitia bawaba, unapata jiko na mfuniko wake kwa mkupuo mmoja. Simama naye umweleze mambo manne. Tundu za hewa ziwe chini pande zote mbili, zenye kibati cha kuteleza cha kufungua na kuziba. Tundu nyingine ziwe juu ya mfuniko. Mpini uwe wa mbao au wa springi na ukae mbali na bati, si nondo iliyochomelewa moja kwa moja, kwa maana hiyo itakuchoma vidole kila mara. Na kuwe na mnyororo au kizuizi cha kuushika mfuniko ukiwa wazi usije ukaanguka kwa nyuma na kulipindua jiko zima.

Uliza pipa lilibeba nini. Lililobeba mafuta ya kula au juisi linafaa. Lililobeba dawa za shambani, gundi, rangi au kemikali usiyoijua liache, hata likiwa limeoshwa mbele ya macho yako. Hata pipa zuri lina rangi nje na pengine lina utando ndani, kwa hiyo liwashie moto mkali wa kuni likiwa tupu, mbali na watu, mpaka rangi iishe kuungua, kisha likwanguliwe hadi kwenye chuma kitupu. Bila kazi hiyo, nyama yako ya kwanza itaivia kwenye moshi wa rangi.

Kifaa ambacho hakipo dukani

Sasa nifike kwenye kifaa ninachokipenda kuliko vyote katika orodha hii, na ambacho hutakipata kwenye mkoba wowote: sinia la kupalia. Mwambie fundi achukue bati la chuma cheusi la unene wa milimita 3, alikate sentimita 40 kwa 40, alikunje kingo zisimame sentimita 4 hivi, alitie miguu minne ya nondo yenye urefu wa sentimita 12 hadi 14, na mikono miwili ya kulibebea pembeni. Kazi yake ni hii: pizza inakaa juu ya jiwe, sinia linasimama juu ya pizza, na makaa yanakaa juu ya sinia. Umejenga kuba.

Kwa jiko la nusu pipa sinia hili lina thamani hata kama mfuniko upo. Hesabu mwenyewe: kutoka kwenye wavu hadi kileleni mwa mfuniko ni sentimita 29 hivi, na bati la pipa ni jembamba, linapoteza joto nje haraka. Kuba hilo ni refu na halina moto wa kutosha kuipiga pizza usoni. Sinia lenye makaa likikaa sentimita chache juu ya jibini, mng'ao wake unafanya kazi ambayo hewa ya moto peke yake haiwezi. Na kwa mwenye jiko la wazi kabisa, sinia hili ndilo linalokata shauri kama atakula pizza au atakula chapati yenye jibini.

Usikubali litengenezwe kwa alumini. Alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660, na makaa yakipulizwa kwa feni au upepo wa bahari yanaweza kupita hapo. Mfuniko wa sufuria unavumilia makaa machache ya mkate wa kumimina kwa sababu moto wa mkate ni mpole. Pizza inataka zaidi.

Jiwe, bamba au chuma cha chapati

Chini ya pizza lazima kuwe na kitu kizito kilichokwisha kunywa joto, kinachokausha unga mara tu unapoguswa nacho. Hapa ndipo wengi hununua vibaya, basi twende polepole.

Jiwe la pizza linalouzwa madukani, kama ni zuri, huwa la kodieriti, aina ya kauri inayotumika pia kutengeneza rafu za tanuri za wafinyanzi. Sifa yake kubwa ni kwamba haitanuki sana ikipata moto, kwa hiyo haipasuki kwa urahisi. Tafuta lenye unene wa sentimita 1.5 au zaidi. Lililo chini ya sentimita moja linapoa baada ya pizza ya kwanza, na ya pili inatoka ikiwa imelegea. Upana wa sentimita 33 hadi 38 unatosha. Chagua la pembe nne kuliko la mviringo, maana unga hautui kila mara pale ulipokusudia na pembe zinakupa nafasi ya kukosea.

Bamba la chuma nalo linasifiwa sana, na ndani ya oveni ya umeme au gesi linastahili sifa hizo. Chuma hupitisha joto kwa kasi kubwa kuliko jiwe, hivyo oveni isiyozidi nyuzi 250 bado inaoka kitako vizuri. Lakini juu ya mkaa kasi hiyo hiyo ndiyo balaa: kitako kinakuwa cheusi kabla jibini halijaanza kutokota. Bamba la sentimita 35 kwa 35 lenye unene wa milimita 6 lina uzito wa karibu kilo 6, na ukilisahau juu ya makaa litaunguza kila kitu. Kama unaoka ndani na nje, nunua bamba kwa ajili ya oveni na jiwe kwa ajili ya uani. Kama ni uani tu, jiwe.

Matofali ya udongo yaliyochomwa vizuri yanafaa na bei yake ni ndogo. Manne au sita yakipangwa bapa bila mianya yanatoa sakafu nzuri. Matofali ya tanuri, yale wanayotumia wajenzi wa matanuri ya mikate, ni bora zaidi. Sharti ni yawe makavu kabisa. Maji yaliyojificha ndani ya tofali yakigeuka mvuke yanalipasua kwa kishindo, ndiyo sababu jiwe la mtoni na tofali la saruji havipaswi kukaribia moto huu hata kidogo. Vigae vya sakafuni vyenye kung'aa viache pia: rangi yao haikutengenezwa kwa chakula, na hupasuka.

Na kama leo hii huna pesa ya chochote kati ya hivyo, chukua chuma cha chapati, kile kizito cha bibi, chenye upana wa sentimita 25 hadi 30. Kitie moto wa wastani, tandaza unga juu yake, uache kitako kishike, weka sosi na jibini, kisha funika kwa sinia la kupalia. Utapata pizza ya kweli, ingawa ndogo. Kikaango kisichogandisha usikitumie: utando wake huanza kuharibika ukivuka nyuzi 260 na kutoa moshi wenye madhara, na makaa hufika hapo upesi.

Chuma kipi kiguse chakula

Sheria moja isiyo na mjadala: bati au wavu uliopakwa zinki usiguse chakula wala moto wa jiko. Utautambua kwa rangi yake ya kijivu cha kumeta, mara nyingi yenye maua maua kama ya bati jipya la paa. Zinki huyeyuka kwenye nyuzi 419, na moshi wake ndio unaowaletea mafundi wa kuchomelea homa na kutetemeka jioni baada ya kazi. Wavu wa uzio wa kuku, waya wa dirishani, trei ya mabati: vyote hivyo nimeviona vikichomewa mishikaki, na natamani visionekane tena.

Chuma cha pua ni bora kwa wavu kama unaweza kukimudu. Nenda dukani na sumaku ndogo. Chuma cha pua cha daraja la 304, kinachostahimili kutu vizuri, kwa kawaida sumaku haikishiki au inakishika kwa unyonge. Kikishikwa kwa nguvu, basi ni daraja la chini kama 430, au ni chuma cha kawaida kilichopakwa kromu. Cha chini si sumu, ila kitashika kutu mapema, na kwa anayeishi Mombasa au Bagamoyo penye hewa ya chumvi tofauti hiyo itaonekana ndani ya msimu mmoja wa mvua.

Chuma cheusi cha kawaida nacho kinafaa sana kikitunzwa kwa mafuta. Mwambie fundi atumie vyuma vya mviringo vilivyo laini, vya milimita 8, vikiachana kama sentimita moja na nusu. Nondo ya ujenzi ina makunyanzi, na humo ndimo mafuta na vipande vya nyama hujificha na kuoza.

Vifaa vya unga

Cha kwanza ni mizani ya jikoni ya kidijitali. Watu hushangaa nikiitaja kabla ya beleshi na gurudumu la kukatia, lakini kikombe cha unga wa ngano kinaweza kubeba gramu 120 leo na 150 kesho kulingana na ulivyokijaza, na tofauti hiyo inatosha kuufanya unga uwe mgumu au ugeuke uji. Pima: unga gramu 500, maji gramu 310, chumvi gramu 10, hamira ya chenga gramu 2. Kanda, uache saa moja, gawanya madonge matatu ya gramu 270 hivi, paka mafuta kidogo, funika na uweke kwenye friji hadi kesho. Kwa joto la Dar es Salaam ukiuacha nje usiku kucha utafura na kuchacha. Friji si anasa hapa. Kila donge linatoa pizza ya sentimita 27 hadi 30.

Beleshi la pizza, yaani ule ubao bapa wenye mpini, linahitajika kwa sababu huwezi kutandaza unga juu ya jiwe lenye nyuzi 300 kwa mikono. Nunua moja la mbao kwa ajili ya kuingizia, maana unga haung'ang'anii mbao upesi, na kama pesa inaruhusu, jingine jembamba la chuma kwa ajili ya kuzungushia na kutolea. La mbao fundi seremala anaweza kulichonga: upana sentimita 33, ncha ya mbele ipunguzwe hadi iwe nyembamba. Asipake vanishi. Nyunyizia suji kidogo juu yake kabla ya kuweka unga. Suji huteleza na haiungui haraka kama unga wa ngano. Kisha tikisa beleshi kila baada ya kuongeza kitu. Kama pizza haitelezi ubaoni, haitateleza jikoni.

Kipimajoto ndicho kifaa ambacho wapishi wengi wa uani hawana, na nadhani hapo ndipo kazi nyingi huharibika. Kwa jiwe, kinachofaa ni kile cha mionzi, chenye umbo la bastola, unachokielekeza kwa mbali. Hakikisha kipimo chake kinafika nyuzi 400 au zaidi. Vile vilivyoenea wakati wa Uviko-19 vya kupimia paji la uso havifai, kwa kuwa vingi huishia kwenye nyuzi 43 hivi. Usikielekeze kwenye chuma kinachong'aa, kitakudanganya. Kielekeze kwenye jiwe. Ukiona nyuzi 300 hadi 330, uko tayari. Huna kipimajoto? Tupa chembe za unga juu ya jiwe. Zikigeuka nyeusi papo hapo, moto umezidi. Zikikaa nyeupe muda mrefu, bado.

Gurudumu la kukatia lina raha yake, lakini kisu kikubwa au mkasi safi wa jikoni hufanya kazi hiyo hiyo.

Vifaa vya nyama

Koleo refu la chuma cha pua, sentimita 40 hivi, lisilo na plastiki karibu na ncha, ni kifaa utakachokishika kuliko vyote. Lijaribu dukani: likunje na kulifungua mara kadhaa, na ulishikie kitu kidogo kama sarafu. Likikichosha kiganja chako dukani litakichosha zaidi mbele ya moto. Uma wa meno marefu hauna kazi kubwa, maana unatoboa nyama na mchuzi wake unamwagikia makaani.

Njiti za mishikaki ziwe bapa, si za mviringo. Kwenye njiti ya mviringo kipande cha nyama hubaki pale pale huku njiti ikizunguka peke yake, na upande mmoja unabaki mbichi. Spoku za baiskeli nazo hazifai: ni za mviringo na nyingi zimepakwa zinki au kromu. Tafuta njiti za chuma cha pua, hazipiti bei ya vikombe viwili vitatu vya chai kila moja. Za mianzi ziloweke majini nusu saa.

Kwa wapenzi wa samaki, nunua wavu wa kukunja wenye mpini, ule unaombana samaki katikati. Changu au sato mzima ana ngozi laini inayoshikamana na chuma, na bila wavu huu utamgeuza akiwa vipande. Huu ni kati ya vifaa vichache vya madukani ambavyo naviona vinastahili bei yake.

Kipimajoto cha nyama chenye sindano ni kitu kidogo na kinaokoa matumbo. Kichome kwenye paja la kuku bila kugusa mfupa: nyuzi 74 maana yake ameiva. Nyama ya kusaga, nyuzi 71. Kuku wa uani huungua nje akiwa mwekundu ndani mara nyingi sana, hasa anapochomwa kwa haraka wageni wakiwa wamekaa.

Glavu za ngozi za mafundi wa kuchomelea, zinazouzwa maduka ya vifaa vya ujenzi, zinashinda zile za mapambo. Kitambaa kilicholowa usikitumie kamwe kushikia vitu vya moto: maji hupitisha joto na hugeuka mvuke juu ya ngozi yako.

Kuhusu brashi ya waya, msimamo wangu ni kwamba usinunue. Nyuzi zake hukatika, hubaki kwenye wavu na kuingia kwenye nyama. Mwaka 2012 taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, CDC, ilichapisha taarifa ya wagonjwa wa hospitali moja ya Rhode Island waliojeruhiwa koo na matumbo kwa nyuzi hizo. Tumia kipande cha mbao ngumu chenye ncha bapa kukwangulia wavu ukiwa wa moto, kisha kata kitunguu nusu, kichome kwenye uma na usugulie. Malizia kwa kitambaa chenye unyevu ulichokishika kwa koleo.

Mkaa na kuuwasha

Vifaa vyote hivi havitakusaidia mkaa ukiwa mbaya. Mkaa mzuri ni mzito, una vipande vikubwa, na ukigonganishwa hulia kwa sauti kali. Ulionyeshewa hurusha cheche na kumaliza nguvu zake katika kujikausha. Vifuu vya nazi hutoa moto mkali wa muda mfupi, hivyo ni vizuri kwa kupalia juu ya sinia pizza inapoingia. Mkaa mbadala wa kubanwa hukaa muda mrefu lakini una majivu mengi. Unafaa zaidi kwa mbuzi wa saa mbili kuliko pizza ya dakika tano.

Mafuta ya taa yaache kabisa, harufu yake huingia kwenye unga kuliko hata nyama. Badala yake tengenezesha bomba la kuwashia: silinda ya bati jeusi yenye kipenyo cha sentimita 18 na kimo cha 30, wavu ndani yake katika theluthi ya chini, tundu kuzunguka chini, mpini pembeni. Karatasi chini, mkaa juu, kiberiti kimoja. Hewa hupanda yenyewe na baada ya dakika 15 hadi 20 makaa yote yanakuwa yamekolea. Kwa jinsi linavyookoa muda na kupepea, sielewi kwa nini halijajaa kila soko.

Tanuri dogo la gesi

Kuna anayetaka pizza tu na hana hamu ya mkaa. Kwake yapo matanuri madogo ya kubebeka, kama ya kampuni ya Ooni iliyoanzia Uskoti mwaka 2012, yanayofika nyuzi 500 na kutoa pizza ndani ya dakika moja au mbili. Yanafanya kazi kweli, ila bei ni kubwa na nyama choma huipati humo. Kabla ya kuagiza, linganisha kirekebisha mgandamizo wa gesi na valvu ya mtungi wako, kwa sababu nchi hadi nchi havifanani. Mpira wa gesi na kirekebishaji vinunuliwe dukani kwako na vipimwe kwa povu la sabuni kabla ya kuwasha.

Siku ya kuchoma

Weka jiko mahali wazi. Mkaa hutoa gesi ya kaboni monoksaidi isiyo na harufu, inayoua watu waliojifungia ndani na jiko, na baraza lenye kuta tatu na mapazia ni ndani pia.

Anza na jiwe likiwa baridi juu ya jiko baridi, upande mmoja wa pipa, likikalishwa juu ya matofali mawili yaliyosimama kwa ubavu. Moto ukue pamoja nalo. Jiwe baridi likitupwa juu ya makaa makali hupasuka. Makaa yapange kuzunguka jiwe, pembeni na nyuma, machache sana chini yake. Funika, tundu zote wazi, dakika 40. Wakati huo washa makaa ya pili kwenye bomba kwa ajili ya sinia.

Nyanya zetu mbichi zina maji mengi, hivyo zikwangue, zichuje, utie chumvi, basi. Vijiko vitatu au vinne vya sosi na gramu 80 hadi 100 za jibini vinatosha pizza moja. Ukijaza zaidi, katikati itabaki tope. Ingiza pizza, simamisha sinia juu yake, funika. Baada ya dakika mbili fungua, izungushe nusu mzunguko kwa koleo au beleshi la chuma, funika tena. Kwa kawaida itaiva kati ya dakika nne na saba. Kitako kikitangulia, punguza makaa ya chini na uinue jiwe. Uso ukitangulia, ondoa makaa machache juu ya sinia. Acha jiwe lipumue dakika tatu hadi tano kabla ya pizza inayofuata.

Pizza zitangulie, nyama ifuate. Zikiisha, moto umeshashuka na kukolea sawasawa, hali ambayo mbuzi na kuku wanaipenda. Mwaga makaa ya sinia upande wa pili wa pipa, chini ya wavu, na uendelee. Jiwe liache palepale hadi kesho yake. Kulihamisha likiwa la moto, au kulimwagia maji, ni kulivunja.

Asubuhi likwangue kwa mbao, ulifute kwa kitambaa kilicholowa kidogo bila sabuni, kwa kuwa jiwe hunywa sabuni na kuirudishia kwenye unga. Madoa meusi hayana madhara. Wavu na sinia vipake mafuta ya kula kidogo siku ile ile ya kuchoma, vikiwa bado vuguvugu. Majivu yatoe asubuhi hiyo hiyo yakiwa yamepoa kabisa, hata kama umechoka, kwa sababu majivu yaliyopata unyevu hula chuma cha pipa kuliko mvua yenyewe.